Jeneza Lililokataa Kukauka

Mume wangu, Fundi Athumani, tulimzika Misima Jumapili ya pili ya mwezi Agosti mwaka jana. Nasema tulimzika kwa heshima ya kauli tu, kwa maana wanawake kwetu hatuendi makaburini. Nilibaki chumbani pamoja na wifi zangu, dirisha likiwa limeachwa wazi upana wa viganja viwili, na kwa upenyo huo niliwaona wanaume wakilileta jeneza kutoka msikitini na kulitua uani kwenye kivuli. Vijana wawili waliosimama karibu na ukuta hawakujua kwamba nawasikia. Mmoja alipitisha kiganja juu ya ubao, akasema, "Hili limepakwa nini? Halina hata tundu moja la mchwa." Mwenzake akamjibu kwa uhakika wa mtu asiyejua, "Vanishi za zamani hizo. Zamani viwanda vilikuwa vinatengeneza vitu." Nilitamani kufungua dirisha na kumwambia kwamba kiwanda hicho kilikuwa madebe mawili, shimo la moto na mikono ya huyo mnayekwenda kumzika. Hali ile haikuniruhusu kupaza sauti. Nikanyamaza, na edani nikawa na muda mrefu wa kunyamaza, na katika kunyamaza huko mwaka ule ukanirudia wote.

Ulikuwa mwaka 1982. Sipendi mtu anirahisishie kwa kusema "miaka ya themanini hivi", kama wanangu wanavyofanya wakitaka mazungumzo yaishe haraka. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na umri wa miaka thelathini na moja, katika darasa la watu wazima, na mtihani wa kidato cha nne niliufanya nikiwa nimekaa benchi moja na wasichana wa umri wa binti yangu. Aliyeanza kuandika tarehe akiwa mtu mzima haichezei tarehe. Mwaka ninaousimulia nilikuwa bado sijui hata kuandika jina langu. Siku zake nimezipanga baadaye, kwa kuwa Athumani alikuwa na desturi ya kuandika kwa penseli, chini ya kila kazi, siku aliyoianza na siku aliyoimaliza, na kwa kuwa kadi yangu ya kliniki ninayo mpaka leo.

Tulipanga Korogwe mjini, vyumba viwili na kibaraza, na nyuma kulikuwa na ua wenye paa la bati kuukuu ambapo Athumani alifanyia kazi. Kitanda chetu kilikuwa chini ya dirisha lililotazama ua huo, hivyo nilizoea kuamka kwa sauti ya randa na kulala na harufu ya mbao. Nilikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilifika mwisho wake, lakini watoto wote wawili waliondoka kabla ya siku ya saba, kabla hatujawapa majina. Sitasema zaidi ya hapo juu yao. Ninalotaka msomaji alielewe ni kwamba mwaka ule sikuwa mtu anayengojea mtoto kwa furaha. Nilikuwa mtu anayebeba sufuria iliyojaa hadi ukingoni, akipita katikati ya watu, akiomba asigongwe.

Jumatano tarehe 3 Machi alikuja Mzee Omari kutoka Misima, alikozaliwa mume wangu. Alikuwa mmoja wa wazee wa msikiti wa huko. Mama mkwe wangu, Bi. Mwanaidi, alikuwa amekwisha kuhamia kwetu ili aningojee nijifungue, na yeye na Mzee Omari walikuwa watani, ukoo kwa ukoo, utani ule wa Kizigua ambao hata msibani mtu huweza kushuka kaburini kabla ya maiti, akalala humo na kudai ushuru, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Nilikuwa jikoni nasonga bada, ugali wetu wa muhogo, na mlenda ukiwa tayari chunguni. Sukari haikuwepo mjini. Chai ilikuwa ya tangawizi tupu, nayo nilimwandalia mgeni kwa aibu. Mlango wa jikoni haukuwa na ubao, ulikuwa na pazia, na kila neno nililisikia.

"Fundi, jeneza letu limetuaibisha," alisema Mzee Omari.

"Limefanyaje?"

"Mguu umekatika njiani. Tulikuwa tumembeba mzee mmoja, Mungu amrehemu, ambaye hata akiwa hai hakuwa mwepesi. Akainamia upande mmoja. Ikabidi watu wamkumbatie mpaka kaburini kama mgonjwa wa kwenda hospitali."

"Na fundi wa huko?"

"Fundi wa huko ndiye aliyeutengeneza huo mguu."

Athumani alicheka. Mama mkwe wangu hakucheka. Nilisikia kikombe chake kikitua juu ya mkeka.

"Omari," alisema, "umeiona nyumba hii ina mwanamke mwenye tumbo, ukaona ndiyo ya kuletea jeneza?"

"Mtani wangu, mimi sikuleta jeneza. Nimeleta ombi. Jeneza atalitengeneza mwanao."

"Jeneza jipya halikai bure. Likishatengenezwa linauliza, wa kwanza nani."

"Hiyo si dini, Mwanaidi."

"Sijasema ni dini. Nimesema linauliza."

Mwiko ulinisimama mkononi. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni, kama kila mtu wa upande wetu, na sikuwahi kuyatilia maanani, kwa sababu majeneza hutengenezwa nyumbani kwa watu wengine. Desturi yenyewe inajulikana: fundi akimaliza jeneza asubuhi, jioni liwe msikitini, lisilale kwake. Mzee Omari, aliyesema si dini, baadaye niligundua kwamba alipokwenda uani kuangalia mbao alipita mbali na zile ambazo Athumani alisema zingefaa.

Kukataa hakukuwezekana. Watu wa nyumbani kwako wakikuomba kitu cha kuzikia wazazi wao, na ni sadaka, huwezi kusema mke wangu ana mimba. Lakini Athumani alikuwa mtoto wa mama yake, na usiku uleule wakapatana. Jeneza lingekuwa na miguu minne, kila mguu ukishikwa na kigingi kimoja cha mti mgumu. Vigingi vitatu vingegongwa. Cha nne kisingegongwa mpaka siku ya kuondoka. Mguu wake ungefungwa kwa kamba ya katani tu. "Kitu chenye miguu mitatu si jeneza," alisema Bi. Mwanaidi. "Ni mbao." Athumani akakiweka kigingi cha nne juu ya kenchi ya bati, mahali ambapo sote tungeweza kukiona. Nilipokuwa naosha vyombo nilikuwa nakitazama. Nimesoma mengi baada ya hapo, nimefundishwa sababu za vitu, na bado nasema kwamba kwa majuma yale mbao ile fupi ndiyo iliyonipa usingizi.

Mbao zilikuwa za mvule, kutoka mlango wa ghala lililobomolewa katika shamba moja la mkonge. Athumani aliubeba mlango huo kwa mkokoteni, akaupasua. Rangi ya zamani tuliikwangua kwa vipande vya chupa, tukivishika kwa kitambaa, kisha tukasugua kwa majani ya msasa yaliyochumwa ng'ambo ya mto, kwa kuwa karatasi ya msasa nayo ilikuwa imepotea madukani. Majani hayo hukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Mimi nilisugua nikiwa nimekaa kwenye kigoda, tumbo likinizuia kuinama, na mama mkwe wangu alikuwa akininyang'anya ubao kila anapoingia. "Sugua viti vya watu," aliniambia. "Hicho waachie wanaume." Mwisho wa mwezi Machi umbo lilikuwa limesimama juu ya miguu yake mitatu na kamba moja, jekundu la kahawia, zuri kiasi cha kuogofya.

Tatizo likawa vanishi. Athumani aliuliza maduka yote ya Korogwe, akaagiza kwa dereva Tanga, na jibu lilikuwa moja. Muuza duka mmoja alimwambia, "Ya mwisho tulipaka kabati zetu hizi, kwa sababu tulikuwa hatuna cha kuweka ndani yake, tukaona angalau zing'ae." Mbao isiyopakwa, katika kibanda cha msikiti wa shamba, ni chakula cha mchwa kabla ya mwaka kuisha. Hapo ndipo jirani yetu, Mama Hadija, alipotaja maganda ya korosho. Yeye alizaliwa Kabuku, na dada yake alikuwa bado anakaanga korosho huko kando ya barabara, akiwauzia abiria wa mabasi. Maganda hutupwa nyuma ya nyumba, rundo juu ya rundo. Mafuta yaliyomo yanaunguza ngozi, lakini mchwa hayasogelei, na Mama Hadija alisema babu yake aliyapaka kwenye nguzo za nyumba, zikawa nyeusi na ngumu kama pembe. Alituletea nusu gunia. Athumani akazika debe ardhini, akatia maganda katika debe jingine lililotobolewa chini, akalikalisha juu ya lile la kwanza na kuwasha moto juu yake. Mafuta yakadondoka chini, meusi, mazito, moshi wake ukitafuta macho ya kila mtu.

Yalikuwa kidogo. Yalijaza chupa na nusu tu, na jeneza lilihitaji mara tatu ya hayo. Sasa hapa ndipo alipofanya kosa ambalo fundi yeyote wa kwetu angelifanya, maana sote tumekua tukiona nguzo za zizi na miguu ya ghala ikipakwa oili chafu ya magari ili kuzuia mchwa. Oili ipo gereji, nyeusi vilevile, nzito vilevile, na inafukuza mchwa vilevile. Athumani akaongeza oili chafu kwenye mafuta ya korosho, akatia mafuta ya taa kidogo ili yatembee, na Jumatatu tarehe 5 Aprili akapaka mkono wa kwanza. Liling'aa. Mama Hadija alipita akasema lingewatia watu hamu, kisha akajuta kulisema hilo na kutema mate kando.

Halikukauka. Siku ya kwanza tulisema ni unyevu. Juma la kwanza tulisema ni masika, na kweli mvua zilikuwa zinapiga bati kutwa nzima, na hata kanga zangu kwenye kamba zilikuwa zinanuka uvundo kabla ya kukauka. Juma la pili Athumani aliacha kusema lolote. Kila alfajiri, baada ya swala, nilimsikia akifungua mlango wa nyuma, kisha kimya, kisha anaufunga. Nilijua anachofanya: anagusa ubao kwa kidole. Alipoingia nilimtazama mkono. Alikuwa anaupangusa kwenye suruali. Nami nikaanza kwenda kugusa kwa siri yangu. Nilikuwa nagusa mguu wa nyuma, upande usioonekana, na kidole changu kilikuwa kinatoka cheusi, nami nakwenda kukiosha kwa jivu kabla mama mkwe hajaamka. Baadaye, miaka mingi baadaye, mama mkwe aliniambia kwamba naye alikuwa anagusa. Sote watatu tulikuwa tunakwenda kukigusa kitu kimoja na kunawa mikono, na asubuhi tunaamkiana kana kwamba hakuna kilicho nje.

Kwa hiyo mbao zilizopaswa kuondoka baada ya siku chache zikakaa uani mwezi mzima, chini ya dirisha langu. Wanawake wa mtaani, waliozoea kukata njia uani kwetu kwenda bombani, wakaanza kuzunguka. Jioni moja nilikuwa nimejilaza, nikawasikia wawili wamesimama nyuma ya ua na ndoo zao.

"Bado lipo."

"Lipo. Linangoja."

"Na yule naye miezi imekaribia."

"Ndiyo maana nasema. Mara ya kwanza na ya pili hakukuwa na jeneza nyumbani. Sasa mara hii lipo tayari."

"Acha midomo yako."

"Mimi nimesema nini? Nimesema lipo."

Sikumwambia mtu. Nilimhesabia mtoto pumzi zake, kama mtu anaweza kuhesabu pumzi za asiyepumua bado. Alipotulia muda mrefu tumboni nilikuwa najigonga kwa vidole viwili, kama anayebisha hodi, mpaka anipige teke. Chakula kilinishinda, mama mkwe alinipikia uji wa mtama, makande yaliyoiva mpaka yakapasuka, akanikalisha mgongo wangu ukilielekea dirisha. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali wa macho, ambaye hakuwahi kunitamkia neno juu ya wale wawili. Jioni ile aliponiona nimeacha bakuli alisema tu, "Kula. Anayekula ndani yako hajui habari za nje."

Aliyetatua jambo ni Mama Hadija, na alilitatua kwa hasira. Alikuja siku ya mwisho ya Aprili kuazima kinu, akapitisha kidole kwenye ubao, akakinusa.

"Fundi, hapa umetia nini?"

"Mafuta yako."

"Mafuta yangu hayanuki gereji."

Athumani akakiri habari ya oili. Mama Hadija akaketi juu ya kinu alichokuja kukiazima. "Baba," alisema, "umewahi kuona oili imekauka kwenye injini? Ingekauka, gari lingetembeaje?" Mume wangu akautazama ubao. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka kuogopa, akasema, "Nimetengeneza gari, si jeneza." Mimi nilicheka pamoja naye na nikalia hapohapo, na mama mkwe akanishika bega, kwa maana ilikuwa mara ya kwanza baada ya mwezi mmoja kitu kile kuwa na sababu. Halikuwa linangoja mtu. Lilikuwa na oili.

Lakini sababu haikaushi ubao. Jumamosi tarehe mosi Mei Athumani alianza kulivua upya: jivu la moto, mchanga, vipande vya chupa, kisha maji ya magadi. Jumanne tarehe 4 Mama Hadija alikwenda Kabuku akarudi na magunia mawili ya maganda juu ya basi, baada ya kugombana na utingo aliyedai yananuka. Safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyesimamia moto. Mafuta yaliyodondoka aliyatia katika sufuria kuukuu, akayachemsha uani, mbali na mimi. Yalitoa povu kama maziwa. "Povu likiwepo, bado yana sumu na bado ni mabichi," alisema. "Ngojea povu life." Povu lilichukua tangu asubuhi hadi alasiri kufa. Mikono ya Athumani ilitoka malengelenge hadi kwenye viwiko na kope zake zikavimba hata akawa anaangalia kwa kuinua kidevu. Alikula kwa mkono wa mama yake siku mbili, mtu mzima na ndevu zake. Aliposema ameungua, Bi. Mwanaidi alimwambia, "Linakuonja." Athumani akajibu, "Mama, ni korosho." "Ndiyo," alisema mama yake, akimtilia tonge mdomoni. "Korosho."

Alipaka kwa kitambaa cha kanga yangu kuukuu, mkono mwembamba, anasugua, anauacha. Kesho yake mwingine. Kati ya mvua na mvua tulilitoa juani, tukalirudisha, tukalitoa. Na lilianza kukauka. Nakumbuka alfajiri niliyogusa mguu wa nyuma na kidole changu kikatoka kisafi. Nilisimama pale nikikitazama kidole kama mtu aliyeokota kitu.

Ikabaki kazi moja. Mkono wa mwisho ulipaswa kuziba maungio yote ili maji yasiingie, na kigingi kikigongwa baada ya hapo, utando wote ungepasuka pale pembeni na mchwa wangepata mlango. Ilibidi kigongwe kwanza, kisha lipakwe, kisha likae siku chache likauke. Athumani alimweleza mama yake Jumatatu tarehe 17 Mei, akiwa amekishika kigingi mkononi. Mzee Omari alikuwa ameahidi kuja na lori Alhamisi ili jeneza lifike msikitini kabla ya Ijumaa. Mama mkwe wangu alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huwezi kupaka na kamba?" "Siwezi, mama." "Basi gonga," alisema, akaingia ndani akanipita bila kunitazama. Nilihesabu mapigo ya nyundo. Tangu hapo lilikuwa jeneza, limelala nyumbani kwetu, na uchungu ulikuwa umeanza kunishika na kuniachia, kama mtu anayejaribu funguo.

Ulifungua Alhamisi tarehe 20, kulipokucha. Safari ya hospitali tulikuwa tumeipanga kwa teksi ya jirani, lakini mtoto hakungoja gari lipatikane. Mama Hadija, aliyekuwa amepokea nusu ya watoto wa mtaa ule, alifunga kanga kiunoni akaniambia nishike ukingo wa kitanda. Nilimtafuta mama mkwe kwa macho. Alikuwa ameniahidi kwamba atanishika mgongo. Alikuwepo mlangoni, akanitazama mara moja, akatazama dirishani, akatoka.

"Anakwenda wapi?" niliuliza.

"Atarudi. Sukuma."

Hakurudi. Kati ya uchungu na uchungu nilisikia mlango wa nyuma, na punde nikasikia mbao zikilia chini ya uzito. Nikalisikia lori likisimama mbele ya nyumba, na Mzee Omari akibisha, na nyayo zake na za Athumani zikizunguka kuelekea uani. Zikakoma ghafla.

"Mama," ilisema sauti ya mume wangu. "Mama, toka humo."

"Sitoki."

"Mwanaidi," alisema Mzee Omari, "utani huu tunaufanya kukiwa na maiti. Leo umemtania nani?"

"Leo si utani, Omari. Si linauliza wa kwanza nani? Nimelijibu."

"Mama, mkono wa mwisho haujakauka sawasawa. Utaharibu kazi."

"Iharibike. Nasikiliza, msinipigie kelele."

 Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimelishika tendegu la kitanda, kwamba upande wa pili wa ukuta ule, hatua chache kutoka kichwani pangu, mwanamke aliyefiwa na wajukuu wawili alikuwa amelala chali ndani ya jeneza, mikono kifuani, ili nafasi isiwe wazi. Sijui mpaka leo kama aliamini kuwa lingemchukua. Nadhani aliamini. Nimewasikia wasomi wakizicheka itikadi za namna ile, na mimi mwenyewe, nikiwa na cheti changu, nimewahi kuzicheka. Lakini sijapata kumwona msomi aliyelipia kile anachokiamini kwa bei ambayo yeye alikuwa tayari kulipia kile alichokiamini. Mama Hadija akasema kwa sauti ya chini, "Sasa, Zuhura. Sasa." Nikasukuma kwa nguvu ambazo sikuwa nazo mwezi mzima.

Mtoto alitoka kimya. Mama Hadija alimshika miguu, akamfuta mdomo kwa kidole, akampiga mgongoni. Kimya kiliendelea, na kule nje nako kimya, na ninajua kwamba sote, wa ndani na wa nje, tulikuwa tumeshikilia pumzi moja. Kisha akalia. Alilia kwa ukali, kama mtu aliyechokozwa.

"Huyo nani?" iliuliza sauti ya mama mkwe kutoka jenezani.

"Msichana," Mama Hadija alijibu kupitia dirishani.

"Analia vizuri?"

"Si unamsikia?"

"Namsikia."  Mtoto akaendelea kulia. Alimsikiliza kama anayekula kitu polepole. "Haya, nishikeni mikono," alisema mwishoni. "Taratibu. Nguo imenasa."

Nilisikia kitambaa kikibanduka kutoka kwenye ubao, kidogo kidogo, kama ganda la ndizi. Mzee Omari akavuta pumzi kwa meno.

"Angalia sasa, fundi. Alama ya kanga yote imebaki, mpaka mabega yanaonekana. Watu wa Misima wataniuliza hii ni nini."

"Nitalipaka upya," alisema Athumani. "Nipeni siku mbili."

"Hulipaki," alisema mama yake. "Lipakieni kwenye lori, liondoke." Nilisikia akijikung'uta nguo, kisha sauti yake ikawa inamwelekea Mzee Omari. "Na wakikuuliza, waambie lilishapata mtu wa kwanza, akashuka."

Akaingia chumbani akinuka mafuta ya korosho, mgongo mzima mweusi, akanyoosha mikono apewe mtoto.